Rufaa ya Kuruthum

Karatasi ya kukataliwa ilifika Ibra mwezi wa Machi, mwaka 2003, na aliyeileta ni Saud mwenyewe, kaka mkubwa wa Shukriya. Aliiweka juu ya cherehani, akavuta kiti, akakaa.

"Wamekataa," alisema. "Si nilikwambia? Siku hizi hawatoi viza za mafundi ovyo ovyo. Basi, tuyaache."

Shukriya aliikunjua ile karatasi. Kiarabu cha kuzungumza alikuwa nacho, cha sokoni na cha majirani, lakini herufi za serikali zilimpiga chenga tangu siku aliyoingia Oman. Kwa hiyo alimtazama kaka yake badala ya kuitazama karatasi.

"Wamesema kwa nini?"

"Wanasema hakuna haja ya fundi mwingine."

"Hakuna haja?" Shukriya aligeuka akaonyesha rafu iliyofurika vitambaa vya wateja, kila kimoja na jina la mwenyewe. "Nina fundi mmoja, Saud. Wa pili kaondoka tangu mwezi wa Shawwal. Waje waone."

"Serikali haiji kuona. Serikali inasoma."

Kwa kawaida maneno ya Saud yalikuwa ndiyo mwisho wa mazungumzo. Yeye ndiye aliyemlea, akamwoza, na alipofiwa na mume akamfungulia lile duka la kushona nguo za wanawake, karibu na soko la Jumatano ambalo huingia wanawake peke yao. Leseni aliitafuta yeye. Mhuri wa duka alikaa nao yeye, nyumbani kwake Nizwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzunguka na makaratasi ya watu maofisini. Shukriya hakuona ajabu. Angeona ajabu gani? Kaka ni kaka.

Lakini fundi aliyeombewa viza hakuwa fundi tu.

Shukriya alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mama yake akafariki kabla arubaini haijatimia. Jirani yao, Mama Kuruthum, alikuwa na kichanga cha mwezi mmoja. Akawapakata wote wawili: mwanawe akampa ziwa la kulia, Shukriya la kushoto. Kidini wakawa ndugu wa kunyonya, sawa na waliozaliwa tumbo moja. Kuruthum ndiye aliyemfundisha Shukriya kushika mkasi, na akampiga vidole alipokata kitambaa upande.

Kisha ukaja Machi wa 1995. Mtaa ulivamiwa kwa bunduki, nyumba zikachomwa. Saud aliwapakia Shukriya, mumewe na watoto kwenye pikapu yake, akawavusha mpaka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Nafasi haikuwatosha wote, akaapa mbele ya Mama Kuruthum kwamba atarudi kuwachukua. Alirudi kweli. Kesho yake akafika Uvira na pikapu imejaa majora ya vitambaa ya dukani kwake. "Nimekuta mlango wazi, hamna mtu," alisema. "Nikaona nisirudi mikono mitupu." Shukriya alilia mpaka sauti ikakauka, na machozi mengine akaja nayo Oman.

Miaka sita hakusikia neno. Halafu mgeni mmoja kutoka Kigoma akaleta habari: Kuruthum yu hai, ana cherehani yake sokoni. Mama yake alikufa njiani, mwaka ule ule. Shukriya alinunua kadi ya simu, akapiga, akalia, akacheka, akasema utakuja huku, tutashona pamoja kama zamani. Kuruthum alikuwa mtulivu. "Nitakuja," alisema. "Mengine tutasema uso kwa uso."

Maneno hayo Shukriya alimsimulia Saud kwa furaha. Saud akasema tu, "Makaratasi niachie mimi."

Na sasa makaratasi yamekataliwa.

"Nitakata rufaa," alisema Shukriya.

Saud alisimama. "Utajidhalilisha bure. Nani atakuandikia?"

"Abeer ataniandikia."

Abeer alikuwa binti yake, amesoma hapo Ibra toka ana miaka kumi na moja, Kiarabu chake safi na Kiswahili chake kimechakaa. Aliandika kurasa mbili, akaambatisha orodha ya wateja na tarehe ambayo fundi wa pili aliondoka. Saud hakuambiwa siku ya safari.

Walikwenda Sur kwa gari la Abeer, asubuhi. Kwenye ofisi ya mkoa walipokelewa na afisa aitwaye Thuwaini, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani aliyoifuta kwa ncha ya kilemba. Alisoma kurasa zile mbili mpaka mwisho. Akafungua faili. Akamtazama Shukriya kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

"Mama," alisema, "unakata rufaa dhidi ya nani?"

"Dhidi yenu mliokataa."

"Sisi hatukukataa. Wewe ndiye uliyetuandikia tusitoe."

Aligeuza faili. Palikuwa na barua fupi, iliyopigwa taipu, na chini yake mhuri wa buluu wa duka lake na saini ya jina lake. Abeer aliinama akaisoma kimoyomoyo, halafu hakuinua kichwa.

"Soma," alisema Shukriya.

"Mama, tutoke kwanza."

"Soma, Abeer."

Abeer akasoma, akifasiri kidogo kidogo. "Mimi Shukriya bint Azzan, mwenye duka, nimeona sina haja na fundi huyu. Tena nimepata habari kutoka kwa watu wa kwao kwamba huyo mwanamke tabia yake mbaya, hafai kuingia katika nyumba za watu. Naomba ombi langu lifutwe."

Shukriya alikaa. Hakulia. Kilichomchoma si kufutwa kwa ombi. Ni yale maneno *tabia yake mbaya*, yametoka kwa jina lake, yamekaa kwenye faili la serikali, juu ya mtu aliyenyonya naye.

Thuwaini alishusha sauti. "Kama saini si yako, andika hivyo, nami nitaipeleka kwa wanaochunguza. Itaulizwa nani alikuwa na mhuri. Kama ni yako na umebadili shauri, andika hivyo pia, lakini rufaa itaanguka, na utasubiri mwaka mzima kuomba tena. Nikupe mpaka Jumamosi?"

"Nipe," alisema Shukriya.

Walipofika Al Mintirib, njiani kurudi, Abeer alisimama kutia mafuta. Akasema bila kumtazama mama yake, "Muhuri iko na mjomba. Peke yake."

"Najua uko kwa nani."

Alichokuwa hajui ni sababu. Alipofika nyumbani, kabla hajavua buibui, alipiga simu Kigoma. Alimweleza Kuruthum yote, hata yale maneno ya tabia, maana aliona akiyaficha naye atakuwa mwizi. Upande wa pili cherehani ya mtu ilisikika mbali.

"Kwani Shukriya," alisema Kuruthum hatimaye, "wewe hukujua?"

"Kujua nini?"

"Saud hakukuta mlango wazi. Alitukuta sisi. Mimi, mama, na wale watoto watano wa dada yangu, tumekaa barazani na mabunda yetu, tunamngoja. Aliteremka, akaenda dukani kwake, akapakia majora mpaka pikapu ikainama. Mama akamwuliza, na sisi je? Akajibu, Shukriya ndiye aliyeagiza. Shukriya kasema mali kwanza, nyinyi mtafuata."

"Nani kasema?"

"Wewe. Mama alikufa akijua ni wewe. Nilitaka nije nikuulize nikikutazama machoni."

Shukriya aliapa kwa Mungu, akaapa tena. Kuruthum alisema tu, "Nimesikia," na kadi ikaisha.

Kesho yake yeye na Abeer walikwenda Nizwa, kwa njia ya Samad Ash Shan, wasisimame popote. Saud alikuwa sebuleni. Mkewe, Wadha, alileta kahawa na tende, na Shukriya akamwomba kwa adabu awaachie nafasi. Kahawa hakuigusa.

"Nimeisoma barua niliyoandika," alisema.

Saud hakujaribu kukana, na hilo Shukriya alilikumbuka baadaye kama heshima ya mwisho aliyomfanyia.

"Walikuwa saba, Shukriya. Saba! Risasi zinalia mtaa wa pili. Majora yale ndiyo yaliyotununulia tiketi. Ungefika hapa kwa kitu gani, kwa dua?"

"Ungeniambia hivyo. Pale pale Uvira ungeniambia, 'Nimechagua majora.' Ningekulaani, ningekulilia, halafu ningekusamehe, maana nilikuwa na watoto ndani ya gari lile. Kwa nini ulisema mimi?"

"Yule mama alikuwa ananitazama." Saud alijifuta uso. "Nilikuwa nimemwapia. Nikatafuta neno la kumnyamazisha, likaja jina lako. Nilijua jina lako hatalibishia."

"Na safari hii?"

"Safari hii nilijua akija atasema. Miaka yote hii umeniita baba na kaka. Nikaona bora asije."

"Ukatumia jina langu tena."

Saud aliteremka kwenye kiti, akakaa sakafuni mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, jambo ambalo Shukriya hakupata kuliona. "Usiandike kwamba si wewe. Nitapelekwa polisi, na watoto wangu wana kazi zao, wana majina yao. Andika umebadili shauri. Mwakani nitamwombea viza mimi mwenyewe, Wallahi, nitakwenda kumpokea."

Shukriya alimtazama. Alitaka kumshika mkono amwinue, kwa kuwa mkono ule ulimshika yeye njia nzima ya utoto wake. Badala yake akaunyoosha wake, kiganja juu.

"Nipe mhuri wangu."

Jumamosi, mbele ya Thuwaini, Abeer alishika kalamu na mama yake akamtajia. Alipofika kwenye jina la mwenye mhuri, Shukriya alimwashiria Abeer angoje, na afisa akajisingizia kupanga faili nyingine. Angeweza kuandika amebadili shauri. Mwaka ni kitu gani? Lakini kuandika hivyo ni kukubali kwamba barua ile ilikuwa yake, na kwamba Mama Kuruthum, aliyefia njiani, alikufa na ukweli.

"Andika," alisema. "Mhuri alikuwa nao ndugu yangu, Saud bin Azzan. Na yaliyosemwa juu ya tabia ya Kuruthum ni uongo, naomba yafutwe."

Saud hakufungwa. Aliitwa, akahojiwa, akatozwa faini, na leseni yake ya kushughulikia makaratasi ya watu ikachukuliwa. Wadha alipiga simu mara moja tu, kusema kwamba mlango wa Nizwa umefungwa, na kwamba mtu anayempeleka ndugu yake kwa askari kwa ajili ya mtu wa nje hana kwao. Ijumaa iliyofuata, badala ya kwenda Nizwa, Shukriya alikula na Abeer, sahani mbili.

Rufaa ilikubaliwa mwezi wa Julai. Mnamo Septemba Kuruthum alitua, mwembamba kuliko sauti yake, na sanduku moja. Walikumbatiana uwanjani. Shukriya alikumbatia kwa nguvu, Kuruthum kwa adabu.

Chumba alichomwandalia nyumbani, chenye mapazia mapya, Kuruthum alikitazama toka mlangoni. "Kizuri," alisema. "Lakini viza yangu imeandikwa fundi. Kile chumba cha nyuma ya duka kinanitosha."

"Da Kuruthum, huniamini?"

"Nakuamini." Akaliinua sanduku lake. "Nakuamini kwa akili. Lakini nilikuchukia miaka minane, Shukriya, na chuki ile niliilea kama mtoto. Haitoki kwa barua."

Kazi yake ilikuwa haina mfano. Ndani ya miezi miwili wanawake walikuja kutoka Al Mudhaibi kumtafuta yeye kwa jina. Jumatano moja mteja mgeni, akipimwa mabega, aliwatazama wawili wale, akauliza, "Huyu nani wako, Shukriya?"

"Dada yangu," alisema Shukriya haraka.

Kuruthum alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, akavuta mstari wa chaki ulionyooka.

"Mimi fundi wake," alisema. "Inua mkono, mama."