Kaimu na Maneno ya Jumatatu

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, karani wa utumishi alipita masjala na futi ya fundi cherehani, akawapima wafanyakazi kimo na kuandika vipimo kwenye daftari lenye jalada la buluu. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Tangu mkurugenzi aanze kubandika ubaoni maneno kumi magumu ya Kiingereza kila Jumatatu, aliyelisema neno gumu kikaoni alirefuka kidole kimoja, na utumishi walitaka kujua nani atahitaji meza ndefu zaidi.

Kaimu alivua viatu, akasimama ukutani. Akaandikiwa kimo kilekile cha Ijumaa zote zilizotangulia. Alikuwa amekaimu ukuu wa masjala miaka mitatu, tangu mkuu wa zamani alipostaafu, na ofisi nzima ilimwita hivyo, Kaimu.

Aliyefuata ukutani alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, ambaye Kaimu mwenyewe alimwombea kazi pale kwa kuwapigia watu magoti. Karani alipanda juu ya kiti ili ampime, akasoma kwamba ameongezeka vidole viwili. Wenzao walishaanza kumwita Mlingoti, naye alicheka tu. Utani unaotoka chini haumuumizi aliye juu.

Kaimu alimpa hongera, na roho ikamuuma. Tusifichane, kile kilikuwa kijicho. Alimpenda mdogo wake. Yeye, dada mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemsuka nywele siku ya kwanza ya shule. Na bado, kila alipomwona akiinama kupita mlangoni, aligeuza uso.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba maneno yale aliyajua yeye. Jumatatu jioni alikata majalada makuukuu ya faili vipande vipande, akaandika neno upande mmoja na maana upande wa pili, akayakariri huku akipika. Mdogo wake alijifunza kutoka kwenye vipande hivyohivyo. Lakini maneno hayakumrefusha mtu jikoni. Yalirefusha kikaoni tu, Jumanne saa nne, mbele ya mkurugenzi, na Jumanne saa nne lazima mtu abaki dirishani kuwahudumia wananchi. Mtu huyo alikuwa Kaimu. Siku moja alijaribu bahati yake palepale dirishani, akamrushia neno la silabi sita mzee aliyekuja mara ya tatu kuulizia kiwanja chake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nataka faili langu." Kaimu hakuongezeka hata ukucha.

Ndipo likatoka tangazo. Nafasi ya mkuu wa masjala ingejazwa mwisho wa mwezi. Alitakiwa mtu mwenye uzoefu, uadilifu, na kimo cha kufikia rafu ya juu bila ngazi. Kaimu alilisoma mara mbili. Kwa miaka mitatu alipanda ngazi mara arobaini kwa siku, na hakuna faili la mtu lililopotea.

Katika maneno ya wiki hiyo lilikuwamo obsolete. Kamusi ilisema ni kitu kilichopitwa na wakati, kisichofaa tena. Jioni mdogo wake aliuliza maana yake, akiwa amesimama katikati ya chumba ili ashushiwe pindo la sketi, maana sketi zake zote zilikuwa zimeanza kufichua magoti. Kaimu alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini mdomoni. Alizitoa pini.

"Ni kitu kinachotegemewa na wote," alisema.

Akazirudisha pini mdomoni, na mshono ulitoka umenyooka.

Jumanne saa nne mlango wa kikao uliachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Kutoka dirishani, Kaimu alimsikia mdogo wake akisimama na kusema, kwa Kiingereza kisicho na doa, kwamba mkurugenzi wetu ni obsolete. Kaimu akafumba macho kungoja radi. Yakaja makofi. Mkurugenzi aliweka mkono kifuani, akasema kwamba katika utumishi wake wote hajawahi kusifiwa namna hiyo, na akaahidi kuwa obsolete zaidi mwaka ujao. Mlingoti akarefuka vidole vitatu kwa mpigo. Balbu ilimgusa utosini, na mhasibu akanyanyuka kuisogeza.

Ukuu wa masjala alipewa Mlingoti. Seremala alikuja Ijumaa akainua fremu ya mlango.

Jumapili Kaimu alikuwa magotini tena, na pindo la sketi ya ukuu. Alishona nusu ya mzunguko, kisha yakamshinda.

"Nilikudanganya. Lile neno, maana yake siyo ile."

"Najua, dada," mdogo wake akajibu kutoka juu. "Nilitazama kamusi asubuhi ileile."

"Na ukalisema hivyohivyo?"

"Nilijua hakuna atakayejua. Ungekuwa unaingia mle ndani, ungeshawafahamu zamani."

Hakusema kwa hasira. Kaimu alikuwa amejiandaa kwa machozi, hata kwa kofi, lakini si kwa hilo. Kumbe mtoto aliyemfundisha maneno alikuwa amewasoma watu pia, na hao hawamo kwenye vipande vya jalada. Kijicho alichodhani kimeisha kikaanza upya, na safari hii kilikuwa na haki.

"Basi wewe ndiye mkuu sasa," alisema. "Niingize kikaoni. Jumanne moja tu."

Mdogo wake alifikiri. Alifikiri kweli, kwa mapenzi, mkono wake ukiwa begani kwa dada yake.

"Halafu dirishani akae nani?" akauliza. "Wananchi wamekuzoea wewe."

Kaimu akakata uzi kwa meno, akamwambia ageuke.

Ratiba mpya ilibandikwa Jumatatu, juu sana, mahali ambapo mkuu mpya aliona ni usawa wa macho. Kaimu alileta ngazi, akapanda kuisoma. Haikuwa na kosa hata moja. Dirishani, Jumatatu hadi Ijumaa, lilikuwapo jina kamili alilopewa na wazazi wake, na mbele yake cheo cha karani, kwa kuwa sasa hakuna tena nafasi ya kukaimu. Wafanyakazi wawili waliokuwa wamesimama chini walimwomba awasomee, akawasomea kwa sauti. Wakaulizana mwenye jina hilo ni nani, kama ni mgeni, na ataanza kazi lini.

Akashuka, akafungua dirisha, kwa sababu foleni ilikuwa imeshafika getini.