Mahari ya Hilaria

Hilaria aliuza vitambaa katika duka la mama Sharda mjini Moshi tangu usichana wake, na siku duka lilipofungwa hakulilia kazi. Alililia kibubu.

Kibubu chenyewe kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa juu, nacho kilikaa chini ya kitanda katika chumba chao cha kupanga kule Njoro. Humo alikuwa akidunduliza mahari yake mwenyewe. Usicheke. Eliufoo, mwanamume aliyeishi naye na kuzaa naye binti, Brenda, alikuwa fundi rangi mwenye mkono mzuri na mfuko uliotoboka. Kila mwaka aliapa kwamba mwaka huu ndio atapanda Mkuu, kule Rombo, kwa baba yake Hilaria, na pombe ya mbege na mbuzi kama wanaume wenzake. Kila mwaka kibubu kilivunjwa: kodi, ada ya Brenda, homa, msiba wa shangazi. Wauza nyanya wote wa Njoro walimwita Hilaria mama, lakini kwa baba yake, Mzee Sylvanus, bado alikuwa msichana aliyetoroka nyumbani. Alitaka kitu kimoja tu duniani: baba yake asimame mbele ya ukoo amwite Eliufoo mkwe. Sasa mshahara nao ulikuwa umekatika.

"Si kosa lako, Hilaria," mama Sharda alimwambia huku akifuta kaunta isiyo na vumbi. "Watoto wangu hawalitaki duka. Mimi mwenyewe nahamia kwa mwanangu Nikita."

Wiki ile ya mwisho, vitambaa vikiuzwa kwa bei ya kutupa, aliingia mama mmoja wa Dar, mpole na mnene, akajitambulisha kwa jina la Pamela. Alichagua mashuka meupe, akauliza habari za watoto, kisha akauliza kwa upole uleule, "Umeolewa, mdogo wangu?"

"Naishi na mtu, dada. Mahari bado."

"Bado kabisa? Hata mbege?"

"Hata kikombe kimoja."

Pamela alitabasamu kama mtu aliyekuta noti kwenye mfuko wa koti la zamani. Akamweleza kwamba yeye na ndugu zake wana nyumba yao Kibosho, kubwa, nzuri, imekaa tupu kwa sababu wote wako Dar na hupanda Krismasi tu. Wanamtaka mwanamke wa kukaa pale, afagie, awashe moto. Mshahara aliotaja ulimfanya Hilaria ashike kaunta. "Lakini mimi sichukui mtoto wa watu bila kumwomba mzazi wake," Pamela akamalizia. "Nitawatuma wajomba zangu kwa mzee wako."

Wajomba walikwenda kweli hadi Rombo, na mbege. Mwezi uliofuata walirudi na mbuzi, wakasema ni shukrani. Mzee Sylvanus, ambaye hakuwa ameombwa ruhusa ya jambo lolote na mtu yeyote kwa miaka, alitembea kijiji kizima akisimulia jinsi binti yake alivyopata tajiri mwenye adabu. Naye Eliufoo, atakayebaki na Brenda, alimsindikiza Hilaria hadi stendi akiwa amembebea begi. "Wewe utatuma, mimi nitabana," alimwambia. "Zako tutakula. Zangu za rangi naweka kando, safari hii haki ya Mungu hazina mtu wa kuzigusa."

Nyumba ya Kibosho ilikuwa na vigae vyekundu na vyumba vilivyonuka dawa ya nondo. Nyuma yake, pembeni mwa kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni iliyozeeka, palikuwa na jiko la mbao alilopikia marehemu mama yao. Masharti yalikuwa machache. Kila jioni awashe moto jikoni kwa mama, si kwenye gesi ya ndani. Apike, apakue sahani moja, aipeleke chumba cha mwisho.

"Ya nani, dada?" Hilaria aliuliza kwenye simu.

"Ya mwenye nyumba. Akifika asikute pakavu."

Asubuhi sahani aliikuta kama alivyoiacha. Siku moja uchungu wa kumwaga chakula ulimzidi, akakipasha na kukila. Kilikuwa kiburu alichokipika kwa mkono wake, ndizi na maharage, na chumvi ya kutosha. Hakikuwa na ladha yoyote. Hakikuchacha wala hakikuoza, ila utamu wake ulikuwa umekwisha, kama tayari kimeliwa. Hilaria alitema, akasukutua, na tangu siku hiyo akawa anamwaga bila kuona uchungu.

Kisha yakaja mashati. Kila Jumamosi aliyakuta kwenye beseni, mashati meupe ya kiume, kola zimeshika udongo mwekundu. Aliyafua, akayapiga pasi, akayatundika kabatini, na Jumamosi iliyofuata yalikuwa beseni tena na udongo uleule. Alijiambia kuna mpwa wao anayekuja yeye akiwa sokoni. Alijua anajidanganya. Lakini mshahara uliingia kwenye simu kila mwanzo wa mwezi, na Hilaria katika maisha yake hakuwahi kulipwa bila kukumbusha. Jina la mtumaji lilikuwa Valerian. Alijibakizia ya sabuni na vocha, nyingine yote akamtumia Eliufoo, na usiku akalala akimwomba Mungu amsamehe kwa kutouliza.

Jirani yao alikuwa bibi mmoja aitwaye Hilda, aliyekata majani ya ng'ombe kando ya mfereji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke wetu."

"Mimi ni mfanyakazi tu, bibi."

Bibi Hilda alimtazama kwa huruma, akafunga mzigo wake wa majani, akaenda zake bila kubisha.

Baada ya Pasaka, majira ya ukungu kushuka hadi mlangoni, Hilaria alikwenda kukusanya majani makavu ya migomba. Kaburi la mama alilijua, lilikuwa na miti ya masale imepandwa kulizunguka. Hakujua kwamba chini ya rundo la majani kando yake kuna la pili. Alifuta msalaba kwa kiganja. Jina lilikuwa Valerian, naye alikuwa amekufa kabla Brenda hajazaliwa.

Akakaa pale pale kwenye unyevu. Alipoinua macho aliona moshi ukitoka jikoni kwa mama, mweupe, wa kuni zilizoshika vizuri. Yeye alikuwa hajawasha moto.

Alipiga simu huku akikimbilia barabarani. "Dada Pamela, Valerian ni nani?"

"Kaka yetu," Pamela alijibu, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Tulimzika bila mke, na mama alikufa na kinyongo hicho. Tangu wakati huo hatulali, Hilaria. Watoto wetu hawakui. Hatukumwibia mtu. Tulikuuliza, ukasema hujaolewa. Tulimwomba mzee wako, akanywa."

Jioni hiyohiyo alikuwa Mkuu, amesimama mbele ya baba yake na matope hadi magotini. Mzee Sylvanus alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama chini.

"Walipoleta mbege nilisema ni heshima," alisema. "Walipoleta mbuzi nilisema ni shukrani. Wakaleta na blanketi la mama yako, na wanajua mama yako hayupo. Hapo nikajua. Blanketi la mama huletwa na mkwe, si tajiri wa kazi."

"Na ukalipokea, baba?"

"Baridi ilikuwa kali, mwanangu."

Hilaria alilia kwa hasira, akasema maneno ambayo binti hasemi kwa baba yake, na mzee akayapokea yote. Mwishowe akamwambia kuna njia moja. Vya Kibosho vimeliwa, havirudi. Lakini mwanamume aliye hai akija na vyake, vilivyotoka kwenye jasho lake mwenyewe, yeye atavipokea mbele ya ukoo na kumtaja huyo kuwa mkwe. Yule mwingine atakuwa amepata hasara, basi.

Alimpigia Eliufoo. Habari ya kaburi aliona aibu kuitamka kwenye simu; ungeanzaje? Alisema tu kwamba baba amekubali, ila anataka upesi. "Zile za rangi ulizoweka, zipo?"

"Zipo," Eliufoo alisema. "Jumapili nakuja."

Na akaja! Pikapu ilipopinda kuingia uani, Hilaria alidhani moyo utampasuka. Mbege ilikuwa imejaa pipa. Mbuzi alikuwa dume la maana. Palikuwa na blanketi, na mjomba wa kusema maneno, na Eliufoo mwenyewe ndani ya koti la kuazima, amekonda hadi shingo imekuwa kama ya kuku. Alimngoja mwanamume huyu miaka yote ile, akamtetea kwa ndugu hadi wakamchoka, na sasa alikuwa ameshuka kwenye gari na kuinama kumwamkia baba yake. Hilaria alifurahi kama mtoto. Alipompelekea maji ya kunawa alimnong'oneza, "Mkono wako niliujua. Mfuko ndio sikuujua."

Eliufoo alicheka, kisha akajikuna shingo. "Nisikufiche, mama Brenda. Rangi haikuwepo mwaka huu, hata ukuta mmoja. Hizi ni zile zako ulizotuma toka Kibosho. Nilizibana zote. Kuna siku nimelala na maji tu, nisiziguse." Akamtazama kwa fahari iliyomkata maini. "Hela ni hela. Si ya kwetu?"

Birika likamtoka mkononi, maji yakamwagika miguuni pao. Mbele yao Mzee Sylvanus alikuwa ameshapewa kibuyu cha kwanza na ukoo mzima umesimama. Neno moja tu lingetosha. Angepiga kelele, baba angeweka kibuyu chini, na Eliufoo angerudi Njoro na mbuzi wake mbele ya watu wote hawa, kwa njaa aliyolala nayo. Hilaria alijiambia kwamba mashati alifua yeye, kwamba mgongo uliouma ulikuwa wake, kwa hiyo jasho lilikuwa lake na la mumewe. Akafumba mdomo.

Mzee alikunywa taratibu hadi nusu, akafuta midomo, akainua mkono.

"Leo nimepata mkwe," alisema, sauti nzito, safi, isiyo na ulevi. "Ukoo mnisikie. Binti yangu Hilaria nimempa mwanangu Valerian, kwa moyo mmoja."

Vigelegele vikapasuka. Mashangazi walicheza. Hilaria alitazama uso hadi uso akitafuta mmoja uliokunja hata kipaji, hakuuona. Akamgeukia Eliufoo, akamngoja aulize. Eliufoo alikuwa anatabasamu, machozi yanamlengalenga, anapiga makofi pamoja na wenzake.