Dhahabu Chini ya Mkwe

Mkwe wangu aliikalia dhahabu yangu wiki sita bila kujua, nami nyuma ya mlango, mkojo umenibana, namwomba Mungu amtume dukani walau akanunue vocha.

Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Ni heshima, ila walioianzisha walikuwa na nyumba mbili. Mguu uliponiharibikia, binti yangu Atupele alinitoa Itaka akanileta kwao Tunduma, kwenye chumba ambacho mlango wake unatokea sebuleni. Mumewe, Hezron, akiwa sebuleni, mimi ni mfungwa.

Mwaka huo Hezron aliuza mashine yake ya kusaga akanunua hisa. Kila alasiri alimsomea mkewe bei kwenye simu.

"Zinapanda, Atu. Kasi hii haizuiliki."

Huku ndani nilikuwa na punje za mahindi. Zikipanda shilingi hamsini, napanga punje tano sakafuni. Siku zilivyokwenda, zikawa nne. Halafu tatu. Mwisho nikapanga moja, na kesho yake nusu. Hiyo niliing'ata mwenyewe.

Niliuza ndizi miaka ishirini pale kilimani karibu na Mlowo. Lori lililoshiba mzigo halisimami ghafla. Linapanda, lakini mngurumo unashuka, gia baada ya gia, na sisi wanawake tulishainua mabeseni kabla dereva hajajua kwamba atasimama.

"Mwambie mumeo linapanda, ila limechoka," nilimwambia Atupele.

Nikamsikia Hezron akicheka sebuleni. "Mwambie mama hisa si ndizi. Tena muulize dhahabu ya marehemu baba iko wapi, tuongeze."

Kipande chenyewe kilikuwa na ukubwa wa gego. Marehemu mume wangu, Yesaya, alikitoa shimoni Mkwajuni, na shimo likamtoa mapafu. Sikuwa na kingine duniani.

"Sikumbuki nilikokiweka," nilisema.

Nilijua nikienda kuoga chumba kitapekuliwa. Jumapili, wote wakiwa kanisani, nikakishonea ndani ya mto wa kiti cha Hezron. Nilikosea jambo moja tu: sikujua kwamba mtu ambaye hisa zake zimeshuka hainuki kitini.

Zilishuka. Akataka kuuza, wanunuzi hakuna. Akabaki hapo, simu mkononi, kama aliyegundishwa. Atupele akaanza kupima unga kwa kikombe. Redio ikasema dhahabu imepanda, na nikakisikia kiti kikilalamika chini yake.

Alasiri moja Atupele alikuwa sokoni. Nikamsikia Hezron akilia, kilio cha mwanamume, cha kuvuta kamasi. Nikaegemea mlango.

"Wewe kiti," nikasema. "Umeficha mali ya mjane. Mwambie anayekukalia apasue mto, upande wa kushoto. Akauze, anunue mashine ya kusaga. Akinunua hisa, nitatoka humu uchi."

Kitambaa kikachanika.

"Mlango," akasema baadaye. "Mwambie mama nimesikia."

"Kiti, mwambie basi atoke nje kidogo. Kuna mtu amebanwa."

Siku hizi mashine inanguruma uani tangu asubuhi. Hisa bado zipo, zimelala. Mlango wangu ni ule ule, ila Atupele ameshamweleza mumewe kuhusu punje zangu. Alasiri Hezron husimama karibu nao, akasoma bei polepole, kisha husubiri mpaka asikie punje zikigusa sakafu.