Mvule Ulioachwa Bondeni

Mpasua mbao alikuwa ameshaachana na msumeno mkubwa. Siku hizi alitengeneza milango na vitanda kwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Afisa misitu alipokuja kuuliza ni nani anayeijua miti mikongwe ya sehemu ile, watu hawakuumiza kichwa. Walimwelekeza kwake.

"Shikamoo mzee. Nasikia misitu hii unaijua nje ndani."

"Marahaba. Naijua kwa ubaya, mwanangu. Nilikuwa natafuta ya kukata."

Yule mama afisa akacheka. "Basi sasa tutafute ya kuenzi."

Wiki mbili walizunguka na tepu ya kupimia. Walipata miti sita, na kila mmoja afisa aliuandika daftarini kwa furaha kama aliyepata ndugu aliyepotea.

"Ukishaandikwa hapa, hauguswi na mtu," alisema.

"Na usioandikwa?"

"Bonde lile lote linafyekwa mwakani kupisha shamba la miwa. Huko usioandikwa umekwenda na maji."

Mzee akaikunja tepu. Ndani ya bonde lile kulikuwa na mvule mmoja. Miaka kumi na tisa nyuma yeye na mwanawe wa pekee walikuwa wameanza kuukata. Msumeno haujazama hata shubiri moja, tawi kavu likakatika juu na kumwangukia kijana. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Baada ya mazishi mkewe alimwambia jambo moja tu: "Kaukate ule mti. Siwezi kuishi nikijua umesimama." Alikwenda na shoka, akashinda chini yake kutwa nzima, mikono ikamgomea. Jioni akarudi akasema, "Nimeukata."

Kesho yake alimpeleka afisa bondeni. Tepu ilisoma mzunguko wa mita tisa na ushei. Afisa alizunguka shina akishangaa, mpaka vidole vyake vikafika kwenye kovu ambalo gome lilikuwa limelifumba nusu.

"Nani alianza kukata hapa?"

"Mimi."

Afisa akauandika mti daftarini. Kisha akatangaza kwamba sherehe ya miti mikongwe itafanyika chini ya mvule ule, na majirani wakamwalika mke wa mpasua mbao kabla hata mume hajafungua mdomo. Siku zikapita, kila siku akisema atamwambia kesho. Asubuhi ya sherehe alimkuta mkewe akipiga pasi gauni lake.

"Mama, kaa kwanza."

"Nina pasi ya moto. Sema tu."

Akasema. Mkewe aliiweka pasi pembeni, akaichomoa, akaukunja waya wake polepole.

"Miaka kumi na tisa, baba?"

"Nilishindwa. Pale ndipo mwanetu alipoongea nami mara ya mwisho."

 Mkewe alivaa gauni lile lile, akatangulia njiani.

Bondeni kulikuwa na hotuba, na wanafunzi waliimba. Kisha afisa akaomba watu washikane mikono kuuzunguka mti. Walihitajika saba. Mke wa mpasua mbao alikuwa wa saba, akaegemeza shavu kwenye gome huku watu wakipiga makofi. Walipotawanyika yeye hakubanduka.

"Mwanangu alisimama wapi?" aliuliza.

Mumewe akamwonyesha. Mama akaenda kusimama hapo, viatu mkononi, mpaka viti vya mwisho vikapakiwa kwenye gari.

Hakumfukuza mumewe, wala hakurudi kwao kama dada zake walivyomshauri. Alimpikia, alimfulia, waliongea habari za bati linalovuja na za majirani. Lakini kila Jumamosi alishika njia ya bondeni. Jumamosi ya tatu mzee alifunga karakana mapema, akavaa shati safi, akamngoja mlangoni.

"Twende wote, mama."

Alimjibu bila hasira.

"Hapana. Wewe umekaa naye peke yako miaka yote hii. Niachie na mimi."

Akateremka ngazi. Mzee akarudi karakanani na shati lake safi, akashika randa, na mlango wa mteja ukabaki mezani vile vile mpaka alipomsikia mkewe amerudi.