Mawe ya Depo ya Hemedi

Depo ya Hemedi, kule Murara mjini Goma, iliwahi kuwa na ghorofa mbili. Mwaka 2002 volkano ilipomwagika, moto wa lava ulijaza ghorofa ya chini, na Hemedi, aliyekuwa amerudi kuokoa marobota yake ya vitenge, hakutoka. Lava ilipopoa, watu wa Goma walifanya kama kawaida yao: walisawazisha mwamba, wakageuza madirisha ya juu kuwa milango, biashara ikaendelea. Mjane wake, Asumini, akauza vitenge juu ya kaburi la mumewe. Kila Ijumaa, kabla ya kufungua, alisimama pembe ya nyuma akamsomea Fatiha. Kaburi lingine hakuwa nalo.

Kisha Assani, kaka mkubwa wa Hemedi na msemaji wa mali ya ukoo, akaleta wapangaji: shirika lililotaka kuigeuza depo kuwa mkahawa bila kuibomoa. Asumini hakukataa. Aliomba neno moja tu.

"Shemeki, uwaambie ile ya chini wasiiguse."

"Nitawaambia, mama. Mimi si mutoto."

Angeweza kuwaambia mwenyewe. Lakini kwao mwanamke hapeleki neno la maiti kwa wageni wakati kaka wa marehemu yupo, na ahadi ya mkubwa haiulizwi mara mbili. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Akaenda Munigi kwa binti yake kusubiri kazi iishe.

Alirudi siku ya ufunguzi, Ijumaa. Élodie, injinia wa shirika, binti mchangamfu, akamshika mkono wakashuka ngazi. Ngazi! Palipokuwa na mwamba sasa palikuwa na meza na viti, na ukuta mpya, mweusi, uliopangwa vizuri.

"Mama, hatukutupa kitu," Élodie alisema kwa fahari. "Majiwe yote yenye ilikuwa humu tuliikata, njo tulijengea huu ukuta. Yenye ilibakia tulijengea vyoo kule inje."

"Hamukuona kitu ndani?"

"Kitu gani, mama?"

Hakujua. Tabasamu lake lilikuwa safi kabisa, na hilo lilimuuma Asumini zaidi, maana hata wa kumtukana hakumpata.

Wa kumtukana alikuwa meza ya mbele, kikombe mkononi.

"Shemeki, uliwaambia?"

Assani akakoroga kahawa yake. "Nani angepanga nyumba iko na mufu ndani? Hemedi alishakuwa jiwe, mama. Na jiwe ni ya kujengea."

Wanasema damu nzito kuliko maji. Ya Assani ilikuwa nyepesi kuliko kahawa ile. Asumini alimchukia palepale, mbele za watu, wala hakuficha macho.

Wageni walikuwa wakipiga makofi. Asumini akausogelea ukuta, akainua viganja aanze Fatiha kama Ijumaa zote. Akatazama jiwe hili, akatazama lile. Nje, mtu alifunga mlango wa choo.

Akashusha mikono.