Dumu la Oili Bwawani

Mhifadhi wa bwawa la kijiji alifika kazini kumeshakucha, daftari la kuhesabia vyura kwapani, akakuta maji yamebadilika rangi. Zambarau, buluu, dhahabu, yanameremeta. Akadhani ni jua. Akachovya kidole, akanusa. Oili chafu ya gari! Salale! Akaketi kwenye matope na sare yake.

Hifadhi yenyewe ni ndogo, ukiizunguka hata jasho halikutoki: bwawa, matete, kichaka cha miiba na kipande cha nyasi kisichofyekwa mpaka ndege watotoe. Lakini mle kwenye matete waliishi vyura wa manjano, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, aliowahangaikia kwa miaka sita. Jana aliwahesabu mia mbili na kumi na wanne. Leo walielea matumbo juu. Aliye hai alimwona mmoja tu, amejibanza kwenye tete, oili imemganda mwilini, anatweta.

Ukingoni lilikuwepo dumu tupu lenye alama nyekundu. Alama hiyo mumewe, fundi magari, huyapaka madumu yake yasiibwe.

Alirudi nyumbani mbio, kiatu kimoja kimebaki matopeni. Mama mkwe wake alikuwa kibarazani anamsuka mjukuu, msichana wa miaka minne waliyembandika jina la Chiriku kwa kuwa hanyamazi hata akila. Wiki tatu nyuma alinyamaza kweli. Alikuwa wodini na homa ya dengi, damu inamtoka puani.

"Nimewamaliza!" mama mkwe akasema kabla hajaulizwa, uso umemchangamka. "Mbu wote wa bwawa lako, kwisha habari yao! Nimekwenda mwenyewe na mgongo huu huu mbovu, nikamwaga dumu zima. Wala usinishukuru, Mama Chiriku. Mjukuu ni wangu pia."

Jamani, utamwambia nini mama wa mumeo anayesubiri asante? Matusi yalikuwepo, tena ya kila aina, yamemfika mhifadhi kooni. Akayameza yote.

"Mama, wale vyura..." akaanza.

"Vyura watazaliwa wengine. Huyu je?"

Akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye gereji ya mumewe. Huyo angalau angeweza kumpa vidonge vyake.

Fundi alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Nani kampa mama dumu?"

Miguu ikatulia. "Mimi."

"Ulijua anakwenda kulimwaga wapi?"

"Nilijua." Akajivuta nje, macho mekundu. "Miaka sita nakusikiliza na vyura wako, mke wangu. Mtoto alitoka damu mbele ya macho yangu. Ningemwambiaje mama hapana?"

Mkewe alitaka kumzaba kofi. Akageuzia uso ukutani, chini ya dirisha la chumba cha Chiriku. Pale palikuwa na matairi makuukuu manne, yamepangwa tangu mvua zilipoanza. Alikuwa akipita hapo kila siku. Akasogea, akapiga magoti, akachota maji ya tairi la juu kwa kiganja.

Viluwiluwi vya mbu tele, vinajikunjakunja.

Yeye huyu, aliyewafundisha watoto wa shule nzima kwamba mbu wa dengi hana haja na bwawa, hutafuta maji kidogo yaliyotuama karibu na watu! Yeye huyu!

"Nini hicho?" fundi akauliza.

Akanyoosha kiganja. Fundi akatazama, akayatazama matairi yake, akaegemea gari. Mama mkwe naye alikuwa amefika, amemshika Chiriku mkono. Akachungulia mara moja, na ule uchangamfu wote ukamtoka usoni.

Chiriku peke yake ndiye aliyesema, huku anajikuna bega.

"Hapa ndipo mbu wananiuma nikicheza. Si nilikwambia, mama? Ukasema unachelewa kazini."