Miji Niliyoitoa kwa Chupa Moja

Nyie wenzangu mlio na watoto na kibustani nyuma ya nyumba, nisomeni hadi mwisho. Ni mchana wa vuli, jua limekaa utosini, nimetoka kupalilia na najinyoosha kwenye mkeka karibu na mlango wa nyuma. Mwanangu Sauda, miaka minne, anachezea makopo ya maua. Kwenye ngazi kuna chupa ya soda ya chungwa, lakini ndani si soda, ni dawa ya wadudu wa nyanya niliyopimiwa dukani, kidogo tu kwa matuta yangu manne. Asubuhi jirani yangu Mama Mbelwa aliiona akanicheka, wewe na hizo nyanya, utadhani umezizaa, ila hiyo chupa ipandishe juu, shoga. Nikamjibu kwa kiburi, wangu nimemfundisha, si kama wako wanaolamba hata sabuni. Akasema, haya, mwalimu. Nitaipandisha nikiamka, najiambia, nafumba macho, na mkeka chini yangu unageuka udongo.

Natembea kwenye tuta la nyanya na tuta halina mwisho. Kila nikipita shina nakuta shina lile lile, limefungwa kwenye kijiti kwa kipande cha kanga yangu ya zamani. Mbele yangu anatembea mtu amebeba ndoo ya kumwagilia. Namwamkia, shikamoo, anageuka, na mahali pa uso pana ngozi tupu, laini kama ganda la biringanya. Umemwona mtoto wangu? namuuliza. Anajibu, kitendawili. Mdomo wangu unaitikia wenyewe, tega. Anasema, mgeni kavaa nguo ya sherehe, ukimkaribisha ndani anamtoa mwenyeji. Namjua mgeni huyo mara moja, amesimama kwenye ngazi yangu na kifuniko chekundu. Lakini nikimtaja nitakuwa nimekiri kwamba mimi ndiye niliyemkaribisha, na nyuma ya majani nasikia mtu anacheka, haya, mwalimu. Basi nasema, sijui. Anasema, nipe mji. Mnaujua mchezo wetu, ukishindwa unataja mji, na hakuna anayehama. Huku wanahama. Tuta linafunguka na mbele yangu uko mji wa Masika, mapaa yake majani ya kabichi, na kila nyumba ina nyingine chini yake, kichwa chini ndani ya dimbwi. Watu wa juu wanapanda miche, watu wa chini wanaivuta mizizi. Mbali, mlangoni, namwona Sauda. Mama, nina kiu, anasema. Nakimbia. Yule mtu anasema, mji, mama. Nasema, chukua huu, chukua, na anaukunja kama mkeka, watu, miche, madimbwi, na mtoto hayupo.

Tuta tena. Kijiti tena, kanga yangu ile ile. Kitendawili, anasema, na ni kile kile, na mimi sijui ninalolijua. Nampa mji wa Kipupwe, wenye ukungu na maua meupe hadi juu ya mapaa, Sauda yuko katikati anaita, Mama, kiu, na sauti yake inakunjwa na maua. Nampa mji wa Kiangazi, kuta zake mabati yanayong'aa, kila bati linanionyesha mgongo wangu mwenyewe nikiwa nimelala, na nyuma ya mgongo mkono mdogo unaoinuka kuelekea kwenye ngazi. Nagonga bati. Amka wewe! namwambia yule aliyelala, amka, mwanamke! Hasikii. Nipe mji, anasema asiye na uso. Sina tena, baba, imekwisha. Upo mmoja, anasema, una mlango wa nyuma na matuta manne. Anaanza kukunja ukingo wa tuta, nasikia kifuniko kinazungushwa, kriik, kriik, na hapo napiga kelele, ni dawa! Ni dawa ya nyanya kwenye chupa ya soda, na nimeiweka mimi!

Nimeamka. Chupa imelala, tupu, kifuniko kimo mkononi mwa Sauda, na maua ya njano yamelowa mpaka shinani. Umekunywa? Anasema, nimewapa maua, Mama, yana kiu. Nanusa mdomo wake, namvua gauni, namsugua kwa sabuni, Mama Mbelwa anakuja mbio bila viatu, wala hacheki, tunambeba hadi zahanati. Mganga anamwangalia mpaka jua linazama. Mzima, mama, anasema, shukuru Mungu.

Sasa nanunua dawa kwenye kopo lake lenye picha ya fuvu, nalifungia kabatini, na nyie fanyeni hivyo leo, msingoje kuamka. Maana maua yale yalikauka siku ya tatu, na tangu hapo Sauda akilala mchana naweka kiganja puani pake. Labda nilijibu kwa wakati. Labda nilichelewa, na bado natembea kwenye tuta. Leo tumeketi mlangoni, anatafuna karoti ya mwisho ya msimu, kijiti cha nyanya kiko pale na kipande cha kanga yangu. Ananitazama. Mama, anasema, kitendawili. Sijawahi kumfundisha mchezo huo. Anangoja, karoti mkononi, na mimi bado sijaitikia.